Kitanda Kisicholia

Fundi vitanda wa hapa Garsen habishani na mtu. Ukimkera kwa maneno, huchomoa chuma cha randa na kukinoa taratibu, maana mbambakofi ni mti mgumu unaokula makali, na wewe hubaki ukijisemea peke yako kama mwehu. Vidole vyake vimeshika wekundu wa mbao zenyewe. Kabla ya kuunga mguu huugonga, akatega sikio, akatabasamu kama aliyejibiwa salamu.

Mwaka wa hamsini na sita mwanangu alikuwa aoe Ijumaa, na kitanda kilikuwa bado vipande. "Piga misumari tumalize," nikamwambia. "Mzee, mti huu hupinda msumari. Na msumari ukiingia, kitanda kitalia," akanijibu, akaendelea kuchonga vijiti vya kuungia. Hapo nikamwachia kazi yake, kwa kuwa kwetu mashangazi wa bibi harusi hukijaribu kitanda kwanza, na kikilia, harusi husogezwa mbele.

Alhamisi walikuja watatu, wanene wote, wakiongozwa na Bi Hawaro. Walipanda, wakaruka kwa vigelegele mpaka kuku wakakimbia uani. Bangili zililia, kitanda kimya. Fundi alicheka hadi akakaa chini kwenye maranda. Wawili wakashuka wakihema. Bi Hawaro akajinyoosha, akavuta leso usoni.

"Bwana harusi mwambieni atafute mkeka," akasema. "Mimi hapa sishuki."