Bâche ya Honorable

Jibu ya Honorable ilitufikia Butembo juu ya pikipiki: bâche ya bluu, ile turubai ya plastiki, mufuko wa muchele, sukari.

Neno hata moja hapana.

Ngoja nieleze vizuri. Mimi ni muzee wa kuzunguka, nimelala kila fasi toka Lubero mpaka Beni. Ile wakati nilikuwa napanga chumba kwa Kanyere. Bwana yake, Vagheni, alienda kutafuta kakao upande wa Manguredjipa. Camion yao, lori ya mizigo, ikashambuliwa njiani. Miili ya benzake ilipatikana. Yake, hapana.

Kanyere hakulia. Kwetu, kulia mutu mwenye haujue kama alikufa ni kumuitia kifo. Alikuwa anapika, anafunika sahani ya bwana, anakaa kumungojea.

Nikamusindikiza Beni kwa point de presse, mukutano ya Honorable na batu ba radio. Ni député wetu wa bunge. Jéthro wa radio akauliza:

"Honorable, Vagheni iko muzima ao alikufa? Bibi yake ni huyu hapa."

Honorable akapanguza miwani. "Asante kwa swali nzuri. Population ibakie tulivu. Enquête na uchunguzi inaendelea."

"Lakini, iko muzima?"

"Ndugu yangu, usalama ni kazi ya sisi bote. Swali ingine?"

Kanyere akasimama mwenyewe. "Papa, mimi sikukuja juu ya usalama. Uniambie tu: nirudi nimupikie ao nimulilie?"

Honorable akamuangalia. "Mama, serikali iko pamoja na wewe."

Mutu wake wa protocole, mwenye anapokeaka bageni, akamuuliza Kanyere anaishi quartier gani, mutaa gani. Basi, tukarudi.

Kesho yake, njo ile pikipiki ikafika.

Florentine, mama ya Vagheni, alipoona ile bâche akaanguka chini.

"Nani anatumaka bâche ya kilio na muchele kwa mwanamuke mwenye bwana iko muzima? Bakubwa banajua! Banaogopa tu kufungua kinywa!"

Quartier nzima ikaamini. Mimi pia. Tukatundika bâche, batu bakakaa chini yake. Kanyere bakamunyoa kichwa, kama mujane. Nguo za Vagheni, bandugu bakagawana, vile inafanyikaka.

Kanyere akalia mpaka sauti ikakatika. Kisha akaacha, kama radio yenye betri imekwisha.

Siku ya kuondoa kilio, Vagheni akaingia kwa miguu, imevimba yote. Alijificha musituni pamoja na balimaji, telefone ilibaki kwenye camion. Akaona Manassé, mudogo wake, amevaa koti yake.

"Eh! Manassé! Nani alikufa?"

Manassé akaanza kuvua koti.

Vigelegele, hapana. Kanyere akamutazama, akapapasa kichwa chake chenye kunyolewa, akaenda kumuwekea maji ya kuoga. Mpaka leo anamupikia. Lakini hamuiti tena kwa jina yake.

Kwa point de presse ingine, Jéthro hakumuachia Honorable.

"Honorable, ulipeleka kilio kwa mutu muzima!"

"Mimi? Nilisema wapi alikufa? Ni musimu wa mvua. Kila mutu mwenye analalamika, tunamupatia bâche."

Jéthro akatusikilizisha enregistrement yote, sauti yenye alirekodi siku ile ya kwanza, toka mwanzo.

Kweli. Hakusema.

Bandugu, mukubwa akikataa kujibu, mumuachie swali yake mikononi, muzito vile iko. Yeye alinyamaza tu. Sisi njo tulijibu, na sisi njo tulimunyoa Kanyere.