Tulisema Tumbo

"Tumbo linamsumbua," nilimwambia daktari wa kwanza, na mama akaitikia kwa kichwa, ushungi kauvuta hadi puani. Muongo mkubwa mimi! Mama alikuwa akitokwa na damu nyuma, mwezi wa tano mfululizo, na sote nyumbani Mabawa tulijua. Lakini mtoto ataje makalio ya mamake mbele ya mwanamume? Hayo ndiyo malezi yetu.

Tumbo tukasema, tumbo likapimwa. Picha ikaonyesha vifuko viwili vya maji vimejibanza nyuma ya utumbo, karibu na mfupa wa kifandugu. Daktari akafurahi kama kaokota pete. "Hivi ni nadra sana," akasema, akawaita wenzake. Wakaja wakaitazama picha, mama hawakumtazama. Hata mmoja hakuuliza choo chake kikoje! Tukapewa dawa za maumivu, tukarudi. Mjomba akaleta mizizi ya bawasiri kutoka Moa, mama akainywa yote kwa adabu. Akazidi kukonda.

Siku niliyoona kanga yake imelowa damu baada ya sala ya adhuhuri, uzalendo ulinishinda. Nikampeleka Nguvumali kwa daktari wa kike, mtu mzima, na hata shikamoo sikumpa. "Damu inatoka nyuma," nikasema. Mama akanifinya paja. Daktari akamfunika shuka, akavaa glavu, akampima kwa kidole. Dakika mbili tu, jamani!

"Vifuko mama kazaliwa navyo," akasema, ile picha ya kwanza mkononi. "Damu haitoki huko. Kuna kitu kingine humu." Wakakata kinyama, kikapimwa. Saratani.

Ikawa mionzi, kisha dawa, kisha upasuaji ulioondoa uvimbe na vifuko pamoja. Sasa choo chake chatoka tumboni, kwenye mfuko, na alilia mpaka shehe alipomhakikishia kuwa sala yake ni sahihi. Kama saratani itarudi, hawajui. Wanasema tulichelewa. Tulichelewa! Wale waliokusanyika kushangilia vifuko nimewalaani sana, na sijaacha. Ila neno tumbo nililitamka mimi.

Juzi jirani alikuja kumjulia hali, akanong'ona kuwa naye ana tumbo, siku nyingi sasa. Mama akaweka kikombe chini.

"Tumbo, au damu nyuma?"

Jirani akainamisha kichwa.

"Mwanangu huyu alinionea haya hivyo hivyo," mama akasema, kidole kaninyooshea mimi. "Nusura anizike."

Nikavaa buibui, nikampeleka jirani Nguvumali mimi mwenyewe.