Chakula cha Maua ya Madamu

Mi nauza samaki mtaani Kanyosha, na sijawahi kukubali mutu anifundishe samaki. Madamu mmoja wa Kiriri alisafiri akaniachia akwariamu yake, tangi la kioo la samaki wa maji ya chumvi, akaahidi kwamba nikiitunza vizuri atakuwa mteja wangu, nimuuzie mukeke, samaki wetu wa ziwani, kila Jumamosi. Nikahesabu samaki wake mara mbili mbele yake, asije kunisingizia wizi. Walikuwa saba.

"Na hizi anemoni utazilisha kamba," akasema, akinionyesha maua mawili yaliyokuwa yakichezacheza juu ya jiwe. "Kamba wako kwenye friji."

"Sawa, Madamu," nikajibu, nikicheka moyoni. Matajiri wamekosa wa kulisha, sasa wanalisha maua. Kamba nikawapeleka nyumbani, mke wangu akawakaanga na vitunguu. Maua nikayaachia maji, kama maua yote.

Madamu aliporudi akauliza, "Anemoni zilikula?"

"Zilikula, Madamu, hata zikataka kuongezwa. Hesabu na samaki mwenyewe, usije kusema kesho."

Akahesabu sita. Nikahesabu mimi, sita. Nikarudia, kidole kwenye kioo, mpaka kikafika kwenye ua kubwa. Lilikuwa limejikunja kama ngumi, na mkia wa njano ulikuwa ukichungulia katikati.

"Huyo ni mnyama," Madamu akasema taratibu. "Akikosa chakula chake, anakula jirani."

"Apana, Madamu, labda..."

"Mukeke wa Jumamosi usilete. Niambie tu, kamba wangu mliwapika na nini?"