Tangazo la Saa Saba

Kule juu ya Bwera, mji wa mpakani na Kongo, ukishapita nyumba za mwisho zenye nguzo za umeme, kuna njia tatu za kusikia kitu ukiwa unatembea. Ya kwanza ni redio ndogo ya betri, ambayo wakulima huitundika kwenye tawi la mti wa kahawa wakati wa kuvuna. Ya pili ni redio iliyo ndani ya simu, ambayo haishiki mpaka uchomeke waya za masikioni, maana waya ndiyo antena. Ya tatu ni memori kadi ambayo fundi wa simu mjini amekujazia nyimbo. Mimi nilikuwa na hizi mbili za mwisho katika simu moja, na waya zilikuwa zilezile. Mtu aliyenitazama hakuweza kujua nasikiliza ipi.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka na nusu kabla ya hapo, na nilikuwa sijapata kazi yoyote. Kisha chama kimoja cha wakulima kikanichukua kwa wiki tatu nihesabu miti ya kahawa, shamba kwa shamba. Nilitaka kukataa. Baba alikuwa anaumwa kifua tangu mvua za kwanza, nyumbani kwetu Karusandara, na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetia udongo wa kwanza kwenye kaburi la baba. Sikumwambia kwamba nawaza hayo, lakini nadhani alinisoma usoni.

"Nenda," alisema. "Sitakufa kwa sababu umeenda, wala sitapona kwa sababu umebaki. Ila sikiliza redio. Simu huko zinakamata mtandao wa Kongo, hatutakupata."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwetu habari ya kifo hupelekwa redioni. Kituo cha Kasese husoma matangazo saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, na hata aliye mbali kabisa juu ya mlima husikia na kushuka. Mtangazaji huyasoma kwa sauti ileile anayotumia kwa ng'ombe aliyepotea na mkutano wa wazazi shuleni. Nilimwahidi Baba kwamba nitasikiliza kila siku.

Wiki ya kwanza nilitimiza ahadi, na iliniharibu. Ikifika saa sita na nusu nilikuwa nimeshaacha kuhesabu. Kila tangazo la kifo huanza kwa jina la mahali alikotoka marehemu, na kabla ya jina hilo mtangazaji huvuta pumzi kidogo. Katika pumzi ile nilikuwa nimeshamzika Baba, nimeshagombana na wajomba kuhusu shamba, nimeshamwona Mama akiwa peke yake jikoni. Siku moja ikatajwa Karusandara. Nilikaa chini katikati ya shamba la mtu na daftari mkononi. Alikuwa mzee mwingine, jirani wa mbali. Nilifurahi. Nilifurahi hasa, kisha nikaona nilichofanya, kwamba nimefurahia kifo cha mtu ambaye aliwahi kutupa mbegu za mahindi.

Kuanzia siku ile nikaacha redio, nikahamia kwenye nyimbo. Nilijitetea kwa hoja nyingi, maana hoja hazijawahi kunipungukia. Nilijiambia kwamba kusikiliza hakumponyi mgonjwa. Nilijiambia kwamba jambo likitokea kweli, watu wote kule wana redio, na hakuna atakayesikia asiniambie. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonituliza, na ndiyo iliyokuwa ya uongo. Nimezaliwa chini ya milima hii na ninajua desturi. Mfiwa haambiwi msiba na mtu baki. Hiyo ni kazi ya ndugu yake, au ya redio, ambayo haina uso. Jirani akijua kwamba umeshasikia, anakupa kiti, anakupa chakula, ananyamaza mpaka wewe mwenyewe useme.

Nililala katika nyumba ya mkulima mmoja, mtu wa maneno mengi. Alipenda kunitania: "Musomi, miti umemaliza. Sasa ingia jikoni uhesabu na sufuria." Katika chumba cha pili alikuwamo mpangaji, mama wa Kikongo aliyekimbia vita vya upande wa Beni, akiuza vitenge siku za soko. Asubuhi alisali rozari kwa sauti, kisha akamtukana jogoo wa jirani kwa sauti hiyohiyo.

Jumatano moja nilirudi jioni, jua likiwa bado juu ya mlima wa Kongo, waya masikioni, nimetoka kwenye mashamba mawili ambako watu walinijibu kwa neno moja moja. Mzee mmoja alivua kofia nilipofika, akaishika kifuani mpaka nilipoondoka. Nilikuwa nimeshaamua sababu: wamesikia uvumi kwamba hesabu yangu ni ya kodi. Njia nzima nilipanga namna mpya ya kuuliza maswali.

Nyumbani nilikuta kiti kimewekwa nje na maji ya kunawa. Yule mama wa Kikongo akaniletea nyama, siku isiyo ya nyama.

"Kula, mutoto wangu," alisema. "Mutu hawezi tembea na tumbo wazi."

Alikaa karibu nami, rozari mkononi, akinitazama ninavyotafuna. Nikawaza: anataka nini? Labda anataka nimwandike kwenye orodha ya wakulima ingawa hana hata mti mmoja wa kahawa. Nikala haraka, nikashukuru, nikaingia ndani. Nyuma yangu nilimsikia mwenye nyumba akimwambia mkewe, "Mwache. Kila mutu na moyo yake."

Asubuhi mwenye nyumba aliniuliza kama naenda kazini. Nilisema ndiyo. Hakutania. Alinisindikiza hadi kwenye kilima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama pale ambapo njia inagawanyika, moja ikishuka Bwera na nyingine ikipanda mashambani. Alinipa mkono kwa muda mrefu. Mimi nikapanda. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama.

Aliyevunja desturi alikuwa mwendesha boda mmoja wa kituo cha pikipiki, kijana mwenye Kiswahili cha upande wa Kongo na mdomo usio na mlango. Ilikuwa kama saa tano na nusu. Aliniona natoka shambani na daftari langu, akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

"Musomi! Weye iko hapa bado? Kumbe una roho ya askari!"

"Kwa nini?"

"Baba yako banazika leo saa nane, na weye iko unahesabu miti ya batu!"

Nilivuta waya moja kutoka sikioni. Katika sikio la pili wimbo uliendelea kupiga, gitaa la Kikongo, lile la kuchezesha watu arusini. Kijana akanitazama, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Haukusikia?" alisema polepole. "Jana mchana basoma. Jioni basoma. Leo asubuhi basoma. Bote hapa basikia." Akaelekeza kidole shingoni kwangu. "Na hii waya ni ya nini sasa?"

Alipiga teke pikipiki ikawaka. "Panda," alisema.

Tulishuka kwa mwendo ambao siku nyingine ungenifanya nipige kelele. Mbele kwenye usukani alikuwa amefunga spika yenye redio, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kuiwasha, kisha akaurudisha. Pale tulipoanza kuona mabati ya Bwera aliangalia saa yake.

"Inafika saa saba. Niweke?"

"Weka."

Alisimamisha pikipiki kando ya barabara. Tangazo letu lilikuwa la tatu. Mtangazaji alivuta ile pumzi yake, akataja Karusandara, akataja jina la Baba na majina ya ndugu zake wote, kisha akasoma: na yule mtoto wake wa kwanza anayehesabu kahawa milimani juu ya Bwera, popote alipo, aje haraka, mazishi ni leo saa nane. Baada yangu ikafuata habari ya mbuzi watatu waliopotea.

Kutoka pale hadi nyumbani hakuna pikipiki inayoweza kwenda kwa saa moja. Nilijua, na kijana alijua. Hata hivyo alikimbia. Njia nzima nilikuwa nikisema moyoni, watanisubiri, na katika pumzi hiyohiyo, wasinisubiri, kwa sababu nitawaambia nini?

Tulifika saa tisa na nusu. Wanaume walikuwa wakinawa miguu na kuosha majembe. Baba mdogo alikuja hadi kwenye pikipiki.

"Tulikungoja mpaka tisa kasoro," alisema. "Mchungaji alikuwa na mazishi mengine. Udongo nimetia mimi."

Niliteremka kwenye pikipiki.

"Hukusikia?"

Mama alikuwa nyuma yake, ameshikwa na wanawake wawili, akinisubiri nijibu. Nikasema, "Kule redio haishiki."

Yule kijana wa boda alikohoa, akaanza kukagua cheni ya pikipiki yake.

Mama aliyachukua maneno yangu kama mtu aliyepewa kitu cha kushika. Kwa siku nne alimwambia kila aliyekuja kutupa pole: mwanangu hakuchelewa kwa kutaka, kule milimani redio haishiki. Nami nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka. Kila aliposema hivyo nilitaka kumkatiza, nikapanga sentensi, nikaipima, nikaona kwamba nikisema nilikuwa nasikiliza nyimbo nitamzika Baba mara ya pili mbele yake. Kisha nikaona kwamba hiyo nayo ni hoja tu, kama zile nyingine.

Siku ya tano walikuja wale wa milimani, mwenye nyumba, mkewe na yule mama wa Kikongo, wamebeba ndizi na mfuko wa kahawa. Walikuwa wametoka kwao alfajiri. Mama akawashukuru kwa kunitunza, kisha akasema, "Na kule kwenu redio haishiki, ndiyo maana mtoto hakusikia."

Wote watatu walinitazama. Nilisubiri. Nadhani nilitaka mmoja wao aseme.

"Haishiki kabisa, mama," alisema mwenye nyumba. "Tunapata shida sana."

"Kabisa," alisema yule mama wa Kikongo, akainamisha kichwa.

Nikainuka kuwaletea maji ya kunawa. Niliyamimina juu ya mikono yao, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeinua macho.