Fundi alizima firewall ya kompyuta yangu ya nyumbani, dada yangu akaamini nimemsaliti

Wakuu, mwangaluka, salamu kutoka Usukumani.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa hasira na sitaongeza chumvi, maana jambo lenyewe linachoma hata bila chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bariadi mjini. Nimepanga kwenye nyumba yenye wapangaji watano. Mwenye nyumba ametuwekea Wi-Fi moja na wote tunatumia password ile ile.

Ndani nina desktop na printer. Nachapa mitihani, na ndugu wakiwa na barua ya kuandika wanakuja kwangu.

Baada ya mavuno alikuja dada yangu Minza kutoka Ngulyati. Ni mjane. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anadai kwamba shamba la pamba analolima dada ni la ukoo, wakati marehemu alilinunua mwenyewe. Walikuwa wameitwa baraza la kata wasuluhishwe, dada akataka maelezo yake yaandikwe vizuri.

Yeye akasema, mimi nikachapa. Katikati akataja kwamba Mzee Masunga, aliyeshuhudia shamba likinunuliwa, alimwambia kwa siri kuwa shemeji amemwomba anyamaze. Nikaandika hivyo hivyo.

Nilipomsomea akasema, "Hapo pa Mzee Masunga futa. Yule mzee amepewa sehemu ya kulima kwenye shamba la shemeji huyo huyo. Tutamponza."

Nikafuta, nikasave kama file jipya, nikaprint. Lile la kwanza likabaki kwenye folder. Sikuona shida. Kompyuta iko chumbani kwangu na mlango una kufuli.

Siku ya baraza nilimsindikiza. Mzee Masunga hakutokea. Alituma ujumbe kuwa macho yake siku hizi hayaoni vizuri na hakumbuki mpaka uko wapi.

Kisha shemeji akasimama. Alijibu maelezo ya dada mstari kwa mstari, kama mwanafunzi aliyeuona mtihani kabla. Mwisho akauliza, taratibu kabisa, "Na huyu mzee anayedai nilimwomba anyamaze, mbona hayupo?"

Wakuu, sentensi hiyo haikuwepo kwenye karatasi tuliyopeleka. Ilikuwa kwenye kompyuta yangu tu.

Dada aligeuka akaniangalia. Tulipotoka nje akanikabili.

"Mimi kompyuta siijui," aliniambia. "Nilikuamini wewe."

Baraza liliahirishwa. Akapanda bodaboda bila kuniaga, na simu zangu akawa hapokei. Mama naye akanipigia kuniuliza shemeji amenipa nini. Mama yangu mzazi.

Hapo ndipo nilipomwomba mwalimu mwenzangu wa ICT, Madam Kabula, aje aangalie. Alikaa sebuleni na laptop yake, akaunganisha Wi-Fi, hakuigusa kabisa desktop yangu. Dakika hazikufika tano akanigeuzia kioo. Folder yangu yote ilikuwa pale. Mitihani, picha za watoto, na maelezo ya dada, file la kwanza na la pili.

Akaniuliza nani alizima firewall. Nikamuuliza firewall ndiyo nini.

Akanieleza kuwa ni kama mlinzi wa getini ndani ya kompyuta. Mtu akigonga kutoka kwenye mtandao, yeye ndiye anaamua nani apite. Yangu ilikuwa imezimwa, na folder limefunguliwa kwa kila mtu bila password. Yeyote mwenye Wi-Fi ya pale nyumbani aliweza kuingia na kusoma.

Nikakumbuka fundi aliyekuja kunifungia printer ili laptop ya mke wangu nayo iweze kuprint. Nikamfuata kwenye kibanda chake. Hakukataa. Alisema firewall ilikuwa inasumbua printer.

"Mwalimu, zile ni za mabenki na maofisi," alinijibu. "Wewe nyumbani unalinda nini?"

Mpaka leo swali hilo linanikera kuliko yote. Aliona nyumba ya kupanga na mwalimu wa chaki, akaamua mwenyewe kuwa sina kitu cha siri.

Nilipoulizia wapangaji wenzangu, aliyesoma akawa ni mpangaji wa chumba cha mbele. Kumbe kwao ni Ngulyati, ukoo mmoja na shemeji. Nilipombana alikiri bila aibu kuwa alisoma, akampelekea shemeji. Alidai hakuvunja kitu, alikuta pako wazi. Sasa mimi nikiacha dirisha wazi, ndiyo aingie asome barua zangu?

Madam Kabula aliiwasha firewall, akafunga folder, akaweka ile Wi-Fi kama mtandao wa watu wasiojuana, yaani "public". Printer inafanya kazi mpaka leo, kwa hiyo fundi alikuwa mvivu tu.

Wataalamu msinirukie. Najua firewall peke yake haitoshi, kuna password, kuna updates. Lakini ingekuwa imewashwa vizuri, yule bwana angegonga na kuondoka.

Nilimpeleka Madam Kabula mpaka Ngulyati, akamwonyesha dada kwa laptop na simu jinsi ilivyotokea. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani kutuletea chakula. Nikajua tumepatana.

Baraza lilipokaa tena, akina mama wawili wanaopakana naye walikuja kusema wanachokijua. Shamba likabaki kwa dada.

Lakini Mzee Masunga alinyang'anywa na shemeji sehemu aliyokuwa analima, kabla ya mvua za kwanza. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akasema angejua maneno yake yataandikwa asingesema.

Dada ndiye aliyemkatia kipande alime, kwenye shamba lile lile la pamba lililogombewa. Mimi niliyesababisha sijui hata nimpe nini.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye kompyuta ya nyumbani hukai peke yako. Zipo siri za watu waliokuja kwako kwa kuamini, na wao hawana namna ya kujilinda.

Kabla hujacomment, nenda kaangalie firewall yako kama iko on. Ukikuta imezimwa, rudi utuambie nani aliizima na alikupa sababu gani.