Kigong'ota Mwenye Madoadoa Kifuani

Mnisamehe kwa mwandiko huu. Shule niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito. Mahali nilipokosea herufi, nisomeeni kwa huruma.

Asubuhi hii kigong'ota ameanza kugonga mti mkavu nyuma ya jiko letu hapa Kiogoro. Ko-ko-ko, ananyamaza, ko-ko-ko. Nimeacha chai ikapoa. Nikisikia sauti hiyo namwona kaka yangu Mogaka amelala kando ya dirisha, ameinua kidole ili tunyamaze.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mogaka alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkaratusi akikata matawi ya kuni, na tangu siku hiyo miguu yake ikawa kama ya mtu mwingine. Chumba chake kilinuka dawa ya vidonda na blanketi lisilokauka. Zamani alikata miwa kwa mjomba, kule chini upande wa Nyamarambe, na huko ndiko alikojifunza kuwatazama ndege. Kila jioni nikitoka shule aliniuliza, "Haya, leo umeona nani?"

Mimi nilieleza, yeye akatambua. Mwenye kichwa na kifua cha kijivu, na wekundu juu ya mkia, huyo ni wa kwetu. Dume ana wekundu utosini, jike hana. Nikisahau kuangalia utosi alinicheka: "Nyaboke, hayo macho ni ya kuku. Yanaona punje tu." Mwingine, mwenye madoadoa meusi kifuani na kisogo chekundu, nilimjua kwa maneno yake tu. Huyo ni wa kule chini, kwenye joto na miti ya miiba.

Halafu Mogaka akaacha kuuliza. Uji wake ulirudi jikoni umefanya utando. Nilimsikia Mama akimwambia Baba, "Mtoto huyu ameshatuaga, bado kuondoka tu." Nikaogopa. Nikaenda kitandani kwake nikasema, "Nimemwona yule wa madoadoa. Kule mtoni, kwenye mti mkavu."

Alifungua macho. Akauliza kisogo kilikuwaje, nikasema chekundu. Akauliza kama alikuwa na mstari mwekundu shavuni. Nikasema ndiyo, mimi ambaye sikuwa nimeona hata unyoya. Siku hiyo alikunywa uji wote, kisha akaanza kumsumbua Baba abebwe mpaka mtoni.

"Nje kuna ukungu, mwanangu."

"Baba, nibebeni tu. Huyo ndege hatatungoja."

Siku ya Sabato, baada ya ibada, Baba na mjomba walimbeba ndani ya blanketi, kila mmoja ameshika ncha mbili. Wakamlaza kwenye nyasi, wakasogea kando kuzungumza. Mogaka alinusa matope akacheka peke yake. Wa kijivu walikuja, dume na jike. Aliwatazama sana, kisha akaninong'oneza: "Nyaboke, yule hapandi huku kwenye baridi. Usimwambie Baba."

Niliinamisha kichwa kwa aibu. Nilidhani ananigombeza.

Mvua ilitukuta hapohapo. Njia ya kupanda ilikuwa utelezi mtupu, na tulipofika nyumbani blanketi lilikuwa linachuruzika maji. Jumatatu akaanza kukohoa. Sabato ya pili haikumkuta.

Mama husema hadi leo, "Ndege yule ndiye aliyenichukulia mwanangu." Sijawahi kumwambia kwamba hapakuwa na ndege.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba Mogaka alijua tangu swali la kwanza. Alitaka kutoka nje mara moja tu, na uongo wangu ndio mlango alioupata. Lakini kuelewa hakujanipa usingizi.

Ninyi mnaokaa huku juu kwenye chai, Nyamira, Kenyenya, popote, kama mmewahi kumwona yule wa madoadoa, niandikieni. Semeni alikuwa kwenye mti gani, na shavu lake lilikuwaje. Ila tafadhali, msiseme mmemwona ili tu kunifurahisha.