Mkalimani wa Boti ya Doria

Niliingia jeshi la majini kwa sababu ya injini. Nilikulia Tandika, nyumba yetu imepakana na gereji, na kelele za mashine nilizielewa kuliko maneno ya watu. Nikapangiwa boti ya doria, chumba cha injini, kule chini kwenye joto na harufu ya dizeli. Nikaridhika. Vita vyenyewe vilikuwa vya jirani, ng'ambo ya Ruvuma, lakini bahari haina ukuta. Tulikaa maji ya kusini kuzuia wenye silaha wasipite, na wanaokimbia tuwapokee.

Siku moja nahodha akaniita juu. Ubavuni mwetu kulikuwa na mashua imejaa watu, wamebanana. Askari aliyekuwa akiwahoji alikuwa mtu wa bara, na wao Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza.

"Wewe si Mmakonde?" nahodha akaniuliza.

"Ndiyo, afande. Kwa baba na kwa mama."

"Basi ongea nao."

Kuanzia hapo nikawa mkalimani. Kimakonde changu kilikuwa cha jikoni, cha kuitiwa chakula na kugombezwa. Sasa kwa lugha hiyohiyo natakiwa nimuulize mwanamke waliowavamia walikuwa wangapi, wameelekea upande gani, na mumewe amebaki wapi. Kila jibu lilinipitia mara mbili, linaingia kwa Kimakonde, linatoka kwa Kiswahili. Wenzangu walisikia mara moja tu, wakaendelea na kazi.

Mie nilikuwa na swali langu moja ambalo nahodha hakunituma. Kila mashua nilitaja kijiji cha mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyeolewa ng'ambo. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu mapigano yaanze. Wengi walitikisa kichwa. Kisha akaja mzee mmoja. Nilikuwa nimempa maji, akasita kunywa.

"Unamtafuta nani huko, mjukuu wangu?"

"Mama mdogo."

"Kile kijiji hakipo tena. Nyumba zote zimechomwa. Watu wameingia porini."

"Wote, babu?"

"Waliowahi."

Nilimshukuru, nikamalizia maswali ya nahodha, nikarudi chini kwenye injini.

Muda wangu ulipokwisha nilirejea nyumbani. Mama alikuwa amepika kisamvu cha nazi na samaki, na vijana wa mtaani wakaja kunitazama. "Braza, umepigana? Umeua?" Nikawaambia nilikuwa fundi tu. Wakaaga mapema, nadhani niliwaharibia stori.

Nikawa mtu wa kulala. Naamka, nakula, narudi kitandani, na bado sipumziki, maana mwili ulikuwa unangoja mtetemo wa boti na kitanda kimetulia tuli. Mama akinisemesha Kimakonde, namjibu Kiswahili. Siku za mwanzo alivumilia. Halafu asubuhi moja, yuko uani anachambua mchele, akasema, "Mbona unanijibu kama mpangaji?"

"Mama, ile lugha imenichosha."

Hakuinua macho kwenye ungo. "Imekuchosha, au imekuambia kitu?"

Nikamwambia. Kijiji, moto, pori, yule mzee. Nilimwambia kwa Kiswahili, kikavu, kama nilivyokuwa nikitoa taarifa kwa nahodha. Aliniacha nimalize.

"Haya. Sasa niambie vizuri."

Nilijua anachotaka. Nikaanza upya kwa Kimakonde, taratibu, na safari hii sauti ilinikatika katikati. Mama hakulia. Aliweka ungo chini, akaniuliza yule mzee alikuwa na hali gani, alikuwa na nani, na kama hatimaye aliyanywa yale maji. Nikamwambia aliyanywa. Akasema afadhali.

Habari zilipofika kwa majirani, walikuja kuuliza tunaweka matanga lini. Mama aliwakatalia. "Mtu aliyeingia porini hajafa. Niweke matanga ya nani?" Walimwona mkaidi. Mie nilimwelewa, ingawa moyoni nilitamani tulie, yaishe. Hadi leo hatujapata habari ya mama mdogo, ya uzima wala ya kifo.

Sikurudi tena baharini. Natengeneza jenereta na pampu za maji huko Mtoni, na kazi ipo. Jioni nikifika nyumbani mara nyingi namkuta mama na wageni, wanawake wa kusini waliohamia huku, kila mmoja ana ndugu asiyejulikana alipo. Wananiita nikae nao, kwa vile niliwahi kuwa huko na huenda nimesahau jambo. Siku nyingine nakaa, nawaeleza tena sura nilizoziona. Siku nyingine nasema shikamooni, nimechoka, napita ndani, na namsikia mama akiwaambia, "Mwacheni. Huyo amechoka kweli."